Sindbad Bila Hamali: Hadithi ya Baharia wa Baghdad Katika Pichadithi

Utangulizi

Hadithi za Sindbad Baharia zimezunguka dunia kuliko alivyozunguka Sindbad mwenyewe. Zilisimuliwa kwa Kiarabu, zikafasiriwa kwa Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 18, zikaingia katika Kiingereza na lugha nyingine nyingi, na wasomaji wa Kiswahili wamezijua pamoja na hekaya nyingine za Alfu Lela Ulela. Katika karne ya 20 zilivuka mpaka mwingine, zikatoka katika maneno zikaingia katika picha. Tangu hapo baharia huyo amechorwa Marekani, Misri, Ufaransa na Japani, na vijana wengi wanaomjua leo wamemjua kwa macho kabla ya kumjua kwa masikio.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, jinsi hadithi ya Sindbad ilivyojengwa. Pili, yale yanayoipata hadithi hiyo inapohamishwa kutoka masimulizi hadi picha zinazofuatana. Tatu, kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu wa Kiswahili, ambaye huenda akaombwa kesho kufasiri au kuhariri kitabu cha namna hiyo kwa ajili ya shule.

Yafaa kwanza kulieleza neno litakalotumika. Neno "katuni" katika Kiswahili cha Kenya limebeba mzigo mkubwa. Hutumika kwa mchoro mmoja wa kuchekesha gazetini, kwa filamu ya michoro, na kwa kitabu kizima cha hadithi. Watanzania wana "vibonzo", nalo lina upana wa namna hiyo hiyo. Katika miaka ya 1980 ulichapishwa Nairobi mfululizo wa vitabu vya ngano za Kiafrika, ukiwamo ule wa Lwanda Magere, ambao mchoraji Terry Hirst aliupa jina la Pichadithi. Jina hilo limeundwa kwa "picha" na "hadithi", na silabi ya kwanza ya neno la pili imedondoshwa. Ni neno jepesi kutamka, linaingia katika ngeli ya I-ZI bila taabu, na linataja kitu kimoja tu: hadithi kamili inayosimuliwa kwa picha zinazofuatana. Kwa sababu hiyo makala haya yanalitumia kama istilahi ya kawaida.

Asili na muundo wa hadithi

Wengi hudhani kwamba Sindbad ni mwana wa Alfu Lela Ulela tangu mwanzo. Sivyo. Hati ya Kiarabu ya zamani zaidi miongoni mwa zile kubwa za Alfu Lela Ulela, ile aliyoitumia Mfaransa Antoine Galland na ambayo Muhsin Mahdi aliihariri na kuichapisha mwaka 1984, haina Sindbad ndani yake. Safari zake zilikuwa kitabu cha pekee. Galland alikuwa amekwisha kuzifasiri kabla hajaanza kutoa mabuku yake mwaka 1704, naye ndiye aliyezitia humo. Baadaye matoleo ya Kiarabu yaliyopigwa chapa, likiwamo lile la Bulaq nchini Misri la mwaka 1835, nayo yalikuwa na hadithi hizo.

Muundo wake ni wa hadithi ndani ya hadithi. Siku moja ya joto, wakati wa ukhalifa wa Harun al-Rashid, mtu maskini achukuaye mizigo kichwani anapumzika mbele ya jumba la tajiri mjini Baghdad. Anasikia muziki, ananusa harufu ya vyakula, kisha anamlalamikia Mwenyezi Mungu: mbona huyu amestarehe na mimi nimechoka, ilhali sote ni waja? Mwenye nyumba anamsikia, anamwita ndani, anamuuliza jina. Kumbe wote wawili ni Sindbad. Mmoja al-Bahri, mwingine al-Hammal. Tajiri anamkalisha, anamlisha, na kwa siku saba anamsimulia safari zake saba. Kila jioni anampa mithkali 100 za dhahabu na kumwambia arudi kesho.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Mfasiri wa Kiingereza hana budi kutafuta neno la kulieleza jina hilo, na Galland aliona afadhali kulibadili, akamwita maskini huyo Hindbad. Mswahili hahitaji lolote. Hamali ni hamali. Neno lenyewe limo katika lugha yake, na mtu mwenyewe yumo katika bandari zake, Mombasa, Lamu na Unguja, akiinama chini ya gunia au akisukuma mkokoteni. Jina hilo linaposomwa kwa Kiswahili, Baghdad ya hadithi husogea karibu.

Swali la hamali ndilo linaloziita safari zote saba. Bila swali hilo, kisiwa kilichokuwa nyangumi, yai la ndege rukh, bonde la almasi, zimwi mla watu, shimo la wafu, Mzee wa Bahari na mto upitao chini ya mlima huwa orodha ya maajabu tu. Likiwapo, kila ajabu huwa ni hoja katika mjadala. Tajiri anasema: mali hii sikuipata kwa kulala, niliinunua kwa hofu na mateso. Msikilizaji ana haki ya kumjibu kimoyomoyo kwamba hamali naye hakulala, na mateso yake hayajamzalia jumba. Hadithi haitoi hukumu. Inawaacha watu wawili wenye jina moja wakitazamana juu ya sinia ya chakula, na hapo ndipo ulipo uzito wake.

Namna pichadithi inavyosimulia

Pichadithi ina sarufi yake. Ukurasa hugawanywa katika visanduku. Kila kisanduku hushika tukio. Maneno ya wahusika huandikwa ndani ya puto, na maneno ya msimulizi, kama yapo, huwekwa katika mstari wa juu au wa chini. Baina ya kisanduku na kisanduku pana mwanya mweupe, na mwanya huo hufanya kazi kubwa. Nahodha anainua shoka katika kisanduku cha kwanza. Katika cha pili kamba imekatika. Tendo la kukata halikuchorwa. Msomaji amelitenda yeye mwenyewe akilini. Katika jambo hili pichadithi inafanana na ngano ya jioni, ambapo fanani hunyamaza kidogo na hadhira ikakamilisha.

Zipo sehemu za hadithi ya Sindbad zinazofaa sana kwa fani hii. Katika safari ya pili, baharia aliyeachwa kisiwani anaona kuba jeupe, analizunguka, anahesabu hatua 50, hapati mlango. Ghafla jua linafichika. Anadhani ni wingu, kumbe ni rukh anarudi kuatamia yai lake. Mchoraji stadi anaweza kumweka mtu mdogo kama chungu chini ya ukurasa, akauacha mviringo wa yai ujaze nafasi yote iliyobaki, na ukubwa ule ukaeleweka bila neno hata moja.

Lakini fani hiyo hiyo ina hatari. Katika safari ya kwanza mabaharia wanashuka kwenye kisiwa kizuri, wanawasha moto wapike, na kisiwa kinatikisika kwa kuwa ni samaki mkubwa aliyelala muda mrefu hata miti ikamwota mgongoni. Utamu wote umo katika kutojua. Fanani wa mdomo huificha siri kwa urahisi, maana husema "kisiwa" na msikilizaji akaona kisiwa. Mchoraji akichora samaki kwenye jalada, au akauonyesha mkia majini kabla ya wakati, amekwisha kuivunja ngano kabla haijaanza. Siri katika pichadithi hulindwa kwa kuchagua pahali pa kusimama: mchoraji hana budi kusimama palepale aliposimama baharia, asipande juu angani.

Jambo la pili ni nafsi. Katika matini, Sindbad husema "mimi". Ni mzee aliyestaafu, anazitazama safari zake kwa mbali, na mara kwa mara hujilaumu kwa tamaa iliyomtoa tena nyumbani ilhali alikuwa ametosheka. Picha haina nafsi ya kwanza. Inamwonyesha Sindbad kwa nje, kijana, mwenye upanga, katika wakati uliopo. Mzee anayekumbuka hutoweka. Hubaki shujaa anayetenda. Mzee akitoweka, hamali naye hana wa kumsikiliza.

Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 1958 ilitolewa filamu iitwayo The 7th Voyage of Sinbad, iliyoongozwa na Nathan Juran, na mazimwi yake yakatengenezwa na Ray Harryhausen. Mwaka huo huo kampuni ya Dell ilichapisha pichadithi yake, ikachorwa na John Buscema. Hapo Sindbad ni nahodha wa Baghdad anayempenda binti mfalme Parisa. Mchawi Sokurah anamfanya binti huyo kuwa mdogo wa kutiwa kiganjani. Dawa iko kisiwani kwa majitu yenye jicho moja na kwa ndege rukh mwenye vichwa viwili. Jina linataja safari ya saba, lakini safari ya saba ya Kiarabu haimo kabisa. Ile ya Kiarabu yenyewe imehifadhiwa kwa namna mbili: katika matini moja Sindbad anafika mji ambao wanaume wake huota mabawa; katika nyingine anatekwa, anauzwa utumwani, na bwana wake anamtuma kuwinda tembo kwa ajili ya pembe hadi tembo wenyewe wanapomwonyesha makaburi yao. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye pwani yake iliuza pembe na watu kwa karne nyingi, angekuwa na mengi ya kusema juu ya namna hiyo ya pili. Mahali pake amepewa mapenzi na uchawi.

Mfano wa pili ni wa Misri. Mwaka 1952 shirika la Dar al-Maarif la Cairo lilianzisha jarida la watoto lililoitwa Sindbad, chini ya uhariri wa Muhammad Said al-Uryan, na michoro ya Hussein Bicar. Humo jina la baharia lilipewa mtoto msafiri, mwenye hamu ya kuiona dunia. Hapa ngano ya kale haikusimuliwa upya. Kilichochukuliwa ni roho ya safari, ikatumiwa kuwafunza watoto wa Kiarabu nchi na elimu. Ni uhuru wa haki wa mwenye urithi, lakini hata hapa tajiri na hamali wameachwa nyuma.

Mfano wa tatu ni wa Japani. Shinobu Ohtaka alitunga mfululizo wa Magi kuanzia mwaka 2009, na kutokana nao ukazaliwa mfululizo mwingine juu ya ujana wa Sindbad, uliochorwa na Yoshifumi Ohtera na kutolewa kuanzia 2013 hadi 2018. Sindbad huyu ni mtoto wa familia fukara katika dola iliyozama vitani. Anashinda majaribu ya mapango ya majini, anapata nguvu, na mwishowe anajenga ufalme wake. Mtunzi amelirudisha swali la umaskini kwa mlango mwingine: hamali na baharia wamekuwa mtu mmoja, naye ni maskini anayepanda. Ni ubunifu wa kusifiwa. Hata hivyo maskini anayepanda hadi kiti cha enzi ni mtu tofauti na maskini anayerudi jioni kwa mkewe akiwa na mzigo wake kesho asubuhi.

Shimo la wafu

Hasara ya kumpoteza msimulizi huonekana wazi zaidi katika safari ya nne. Sindbad anaoa katika nchi ambayo desturi yake ni kumzika mume au mke aliye hai pamoja na mwenziwe aliyekufa. Mkewe anafariki, naye anateremshwa shimoni na mikate michache na maji. Chakula kinakaribia kwisha. Kisha mtu mwingine aliye hai anateremshwa na maiti yake. Sindbad anachukua mfupa wa mguu wa maiti, anamwua, anakula mikate yake. Anafanya hivyo tena na tena mpaka anapopata njia ya kutoka, akiwa amebeba mapambo ya wafu.

Hili ni tukio la kutisha kuliko mazimwi yote. Anayelisimulia ni muuaji mwenyewe, mbele ya wageni wake, chakula kikiwa mezani, na mmoja wa wageni hao ni maskini aliyeuliza mali hii imetoka wapi. Sasa anajua sehemu ya jibu. Pichadithi inaweza kuliacha tukio hili kwa ajili ya umri wa wasomaji, na pengine kwa watoto wadogo ni sawa kufanya hivyo. Lakini isidhaniwe kwamba kilichoachwa ni ukatili tu. Kimeachwa kiungo kinachoifunga safari na jumba.

Rangi ya wala watu

Katika safari hiyo hiyo ya nne, kabla ya ndoa, Sindbad na wenzake wanaangukia mikononi mwa wala watu, wanaowalisha chakula cha kuwapumbaza kisha wakawanenepesha. Matini ya Kiarabu aliyoifuata Richard Burton katika tafsiri yake ya mwaka 1885 inawataja kuwa ni watu walio uchi, Majusi, na mfalme wao ni zimwi. Tafsiri ya Galland inawaita watu weusi. Katika safari ya tatu, nalo zimwi refu mfano wa mtende linaelezwa kuwa jeusi.

Katika maneno, sifa kama hiyo husomwa mara moja ikapita. Katika picha haipiti, kwa kuwa rangi hurudi katika kila kisanduku, na pamoja na rangi huja midomo, pua na mifupa puani. Wasomaji wa Afrika wanaijua desturi hiyo tangu Hergé alipompeleka Tintin Kongo mwaka 1930. Mtu anayefasiri pichadithi ya Sindbad kwa Kiswahili anaweza kusafisha maneno ndani ya maputo yote, na bado mchoro ukabaki ukisema lile lile alilolifuta. Kwa hiyo kazi ya mhariri wa pichadithi haiishii katika lugha. Hana budi kuuliza mchoraji alifuata matini ipi, na kukumbuka kwamba hata matini za kale hazikukubaliana juu ya rangi ya wala watu hao.

Bahari ya Sindbad na bahari ya Waswahili

Picha huuliza maswali ambayo maneno huyakwepa. Fanani husema "chombo" na kuendelea. Mchoraji hana budi kujua ni chombo gani. Vyombo vya Waarabu na Waajemi wa wakati ule vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari katika mbao za ubavu. Mwaka 1980 Tim Severin alisafiri kutoka Maskati kwa chombo cha namna hiyo, Sohar, kilichojengwa Sur nchini Oman, akafika Canton nchini China mwaka 1981. Waswahili hawahitaji kwenda mbali kutafuta kielelezo, kwa maana mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa vivyo hivyo na kutweka tanga la mkeka. Mchoraji wa pwani ana msamiati wote tayari: tanga, foromali, mlingoti, dalali wa bandarini, kusi na kaskazi.

Hata ndege rukh ana jamaa upande huu. Marco Polo alisikia habari zake akazihusisha na visiwa vilivyo kusini ya Bukini, yaani Madagaska, na katika kisiwa hicho aliishi kweli ndege mkubwa asiyeruka, ambaye amekwisha kutoweka na ambaye mayai yake yalizidi sana yale ya mbuni kwa ukubwa.

Lipo pia simulizi moja linalostahili kuwekwa kando ya Sindbad. Kitabu cha Ajaib al-Hind, kinachonasibishwa na Buzurg bin Shahriyar wa karne ya 10, kinaeleza kwamba mwaka 310 wa Hijra, yaani 922, nahodha Ismailawayh alitoka Oman kwenda Qanbalu, upepo ukamtupa Sofala. Mfalme wa Zanj akawapokea vizuri, wakafanya biashara yao kwa amani. Siku ya kuondoka mfalme alipanda chomboni kuwaaga. Nahodha akawaza kwamba mtu huyu angeuzwa dinari 30 katika soko la Oman, akang'oa nanga naye ndani. Miaka ikapita. Mabaharia wale wale wakatupwa tena pwani ile ile, wakaletwa mbele ya mfalme wakitetemeka. Alikuwa ni yeye. Alikuwa ameuzwa, amefika Basra na Baghdad, amesilimu, ametoroka na mahujaji hadi Makka, kisha akafuata njia ya Misri na mto Nili hadi kwao. Akawasamehe. Lakini walipomwomba apande chomboni kuwaaga, alikataa.

Hapa pana kila kitu anachokihitaji mchoraji wa pichadithi: bahari, dhoruba, usaliti, safari ndefu na marejeo. Tena katika simulizi hili aliyebebwa kama mzigo ndiye anayeishika hadithi.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na yeyote atakayemtia Sindbad katika pichadithi ya Kiswahili. La kwanza ni kuwapa hamali na jumba visanduku vyao, japo vichache, mwanzoni na mwishoni mwa kila safari. Ukurasa mmoja unatosha kulirudisha swali. La pili ni kuihifadhi sauti ya mzee katika mstari wa msimulizi, ili kijana mwenye upanga asionekane kuwa peke yake ukurasani. La tatu ni kumchagulia mchoraji matini na vyombo vya kweli, asije akaazima sura za watu na merikebu kutoka vitabu vilivyochorwa na wasioijua bahari hii.

Idara za Kiswahili zimezoea kuitazama pichadithi kama burudani ya watoto, zikaiacha nje ya mitaala ya fasihi. Lakini mtoto anayekutana na Sindbad katika picha anajifunza pamoja na mambo mengine nani husimulia, nani husikiliza, na nani huchorwa kama zimwi. Masomo hayo atayapata, darasani au nje ya darasa. Walimu wakiyaingiza darasani, watakuwa na nafasi ya kumuuliza pia lile swali la hamali, na kusubiri ajibu mwenyewe.